Noah, Hiace au Prado ya hema juu: gari ya familia ya kulala safarini, na hela ya kuinunulia itoke wapi

Nianze na sisi tulivyo, maana kulinganisha magari bila kusema nani analala wapi ni kupoteza muda tu. Tuko sita nyumbani, mimi na baba watoto na watoto wanne, mkubwa wa kiume yuko kidato cha tatu na ameshanipita urefu, mdogo ana miaka minne. Tunakaa Nzuguni hapa Dodoma, mi nafanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, mwenzangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mama mkwe yuko Katesh, wazazi wangu wako Iringa, kwa hiyo kila likizo safari zetu ni kaskazini au kusini. Dar siku hizi hatuiwazi na gari kabisa, toka SGR ianze kufika Dodoma 2024 tunapanda treni na maisha yanaenda. Ila Katesh hakuna treni, Iringa hakuna treni, na tukifika huko tunataka watoto waone vitu, sio kupita tu. Michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa ni Urithi wa Dunia tangu 2006 na watoto wangu wanaisoma darasani, hawajawahi kuiona kwa macho, na sisi tunapita barabarani pale kila Desemba. Hilo ndo linaloniuma.

Ndo tukaanza kutafuta gari ambayo mnaweza kulala ndani, familia nzima, mkapika chai asubuhi mkaendelea na safari. Miezi minne sasa tunazunguka yadi na gereji, tumekaa na watu wa mikopo, na hiki ndicho nilichokikusanya.

Kwanza hesabu ya gesti

Nilikuwa najipa moyo kwamba gari itatuokolea hela ya kulala. Watu sita ni vyumba vitatu, kijana mkubwa halali na dada zake, weka elfu 35 kila chumba, hiyo ni laki moja na elfu tano kwa usiku mmoja. Sisi kwa mwaka tunalala njiani kama usiku 12 hivi, inakuja milioni 1.26, kwa miaka mitatu milioni 3.78. Sasa kopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 miaka mitatu, riba peke yake inapita milioni 5.3. Yani riba tu imeshameza gesti zote za miaka mitatu na bado hujaweka mafuta wala matairi. Kwa hiyo kama sababu yako ni kuokoa hela ya gesti, baki na gesti, nakwambia kwa nia njema kabisa. Gari ya namna hii ina maana pale ambapo zile siku nyingine 350 na kitu inafanya kazi ya nyumbani, inapeleka watoto shule, inabeba mzigo wa dukani, inaenda msibani na shangazi watatu nyuma. Nilipoelewa hivyo ndo magari yakaanza kujipanga yenyewe kichwani.

Zile kempa zilizotengenezwa hivyo toka Japani niliziweka pembeni mapema. Kuna Mazda Bongo Friendee, ilitengenezwa 1995 hadi 2005, ina paa linaloinuka linakuwa chumba cha watu wawili juu, nzuri kwa kweli, na kuna zile kubwa zenye nyumba mgongoni zilizojengwa juu ya Toyota Camroad. Shida ni siku paa likigoma kushuka na wewe uko Bereko saa moja jioni. Fundi wa kule anaijua Toyota kwa kupapasa gizani, paa la umeme la Mazda hajawahi kulishika.

Prado yenye hema juu ya paa

Hii ndo baba watoto aliipenda, na namuelewa. Prado 95, zile za 1996 mpaka 2002, viti nane safu tatu, unafunga hema la kukunjua juu ya paa, ukifika unalifungua unashusha ngazi mmelala. Imenyanyuka kutoka chini, haiogopi makorongo, ukiacha lami kuelekea kwenye michoro ya Kolo kuna mawe ambayo gari ya chini inalia, hii inapita. Kwa mtu ambaye safari zake ni mbugani na vijijini masika, sina la kubishana naye.

Ila hema moja la paa linatosha wazazi wawili na mtoto mdogo katikati, basi. Wale watatu waliobaki bado wanahitaji hema la chini, na kama unalala hema la chini hata hivyo, hela yote uliyoweka juu imekusaidia nini? Halafu fikiria usiku wa manane mtoto wa miaka minne anataka kukojoa na unamshusha ngazi kwa tochi. Hema lenyewe linafika kilo 50, 60, liko juu kichwani kwa gari siku zote usipolitoa, na upepo wa Dodoma mnaujua.

Injini sasa. Za dizeli 1KZ-TE ya 3.0 zina jina la kupasuka silinda hedi zikichemka, ukienda kuangalia ulizia kama hedi imeshabadilishwa na nani aliibadilisha. Za petroli 2.7 hazina hilo tatizo ila zinakunywa, niliokutana nao wanaoziendesha wananiambia kilomita 7 kwa lita, 8 ukienda taratibu. Kwenda Babati na kurudi, barabara ile iliyozinduliwa 2018, kilomita 251 kwenda tu, weka 500 na ushee jumla. Kwa lita moja shilingi 3,000 nikiweka namba ya mviringo tu, maana EWURA wanabadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Prado inataka kama laki mbili na elfu 20, gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita inataka laki moja na nusu na kidogo. Safari moja sio kitu. Ila hii ndo itakuwa inanipeleka Mtumba kila asubuhi.

Bei tulizotajiwa zilikuwa milioni 22 hadi 28 kwa ambazo hazijachoka sana, na hema juu yake milioni 3 na kuendelea.

Hiace

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanapatia na ndo wengi wanakosea pia.

Kwa nafasi ya kulala hakuna inayoikuta. Namaanisha hizi umbo la 200, zilizoanza 2004. Body ya kawaida ina urefu mita 4.695 na upana 1.695, inaingia kwenye geti lako bila shida, lakini nyuma ya viti vya mbele sakafu ni kama mita 3 tupu kabisa. Fundi anakuwekea kitanda cha plaiwudi juu ya fremu ya chuma, chini yake droo za sufuria na nguo, dumu la maji la lita 20 lenye bomba, betri ya pili ya taa na kuchajia simu, nyavu za mbu madirishani. Kwa upana ndani ni mita moja na nusu hivi, mtoto wa miaka tisa analala kwa upana, mtu mzima lazima alale kwa urefu. Ukitaka vitanda viwili, cha chini na cha juu, tafuta yenye paa refu, ya paa la chini usidanganyike, mtu mzima hawezi hata kujigeuza kule juu.

Sasa makosa. La kwanza ni viti. Watu wanakimbilia Super GL kwa sababu ni nzuri ndani, zuria, viti laini, lakini ile ya mizigo ina viti vitano tu, viwili mbele vitatu nyuma. Sisi tuko sita. Mtu wa sita anakaa wapi? Utasikia mtu anasema atalala kitandani kule nyuma gari ikitembea. Jamani hapana. Kitanda hakina mkanda, gari ikifunga breki ghafla pale Kibaigwa ng'ombe wakikatiza mtoto anaruka mpaka kwenye kioo. Sisi tungeihitaji DX, ile ya kawaida, ya viti sita, mbele watatu na nyuma watatu, na kila kiti kiwe na mkanda unaofunga kweli. Vilevile kataa zile benchi za pembeni ambazo fundi anachomelea kwenye bodi, zile ni za kukaa gari ikiwa imesimama.

La pili, kununua iliyokuwa daladala kwa sababu ni rahisi. Tuliona moja milioni 19, imepigwa rangi inang'aa, ukiinama chini kila sehemu imechomelewa. Na daladala ina namba nyeupe za biashara, wewe unataka njano za binafsi, na kadi inaonyesha idadi ya viti na aina ya bodi, ukibadilisha hivyo vyote lazima taarifa za TRA zibadilike na zilingane na gari ilivyo, la sivyo kila trafiki akisoma kadi mnaanza mazungumzo. Hela uliyookoa inaishia kwenye kuhangaika.

La tatu ni injini ya dizeli. 2KD ya 2.5 na 1KD ya 3.0 zina nguvu na hazili sana, ila nozeli zake ni gharama na hazipendi dizeli chafu, kama utakuwa unajaza kwenye vidumu vijijini utalipia. Petroli ya 2.0, 1TR, ni nzito mkipakia mkaanza kupanda Nyang'oro, lakini ni injini rahisi ya kutengeneza.

Bei ya DX ya viti sita iliyotulia tuliyoipata ni milioni 28, na fundi wa kuitengeneza ndani alitaka milioni 4.5 kazi kamili, au 1.2 kitanda na mapazia tu. Yani unaongelea milioni 29 mpaka 33. Kama biashara yako inabeba mzigo wako mwenyewe kila siku, unalipa Kirikuu elfu 30 kila trip kupeleka saruji na mabati, Hiace inajilipa na nakushauri uichukue bila woga. Ukianza kubeba mzigo wa watu kwa malipo hapo ni habari nyingine, ni LATRA na leseni ya usafirishaji. Kwa duka letu mteja anajibebea, kwa hiyo Hiace ingekuwa inapaki siku tano kwa wiki inanisubiri Jumamosi.

Noah

Kila mtu anaijua, na nadhani ndo maana watu hawaifikirii kama gari ya kulala. Noah ya zamani, SR40 na ile ya foo wili SR50, miaka ya 1996 hadi 2001, injini ya 3S ya 2.0 iko chini ya viti vya mbele, viti nane vyenye mikanda. Na viti vyake vya kati na nyuma vinalala vyote vikawa sakafu moja. Sio sawasawa kabisa, kuna mabonde, ila ukitandika godoro la inchi tatu juu umemaliza. Hakuna kuchomelea, hakuna kubadilisha kadi, asubuhi unainua viti watoto wanakwenda shule.

Analala nani? Tulijaribu kwa Noah ya shemeji, mimi na watoto watatu wadogo tukalala usiku mzima uani kwetu, tukaamka wazima. Baba watoto na kijana wao hema la chini la watu watatu, pembeni ya mlango. Sio hoteli. Lakini pale ambapo Prado ililazimisha watatu kwenda hemani, Noah inapeleka wawili, tena wanaume wenyewe wanataka.

Zile mpya kidogo za 2001 hadi 2007, AZR60, zinavutia zaidi na ndani ni pana, ila nyingi zina injini ya 1AZ-FSE ya D4 ambayo mafundi watatu tofauti walinikunjia uso, wanasema pampu yake ya mafuta na usafi wake vinataka mtu anayejua. Za kuanzia 2007 ni nzuri lakini bei inapanda. Alphard nayo nilipigiwa sana debe, ya 2.4, kweli ina raha, ukiingia kama sebuleni, lakini iko chini na injini ya 2AZ ina ugonjwa wa kula oili, na njia ya kwa mama mkwe Katesh masika ina tope la kunata.

Ubaya wa SR50 sitauficha. Ni gari ya zaidi ya miaka 24. Rejeta ndo roho yake, injini iko ndani ndani pale haipati hewa vizuri, ikichemka mara moja na ukailazimisha umeua gasketi. Mchana wa Oktoba joto la injini unalisikia miguuni. Na foo wili nyingi zimekatwa shafti na wenye nazo wamenyamaza, lazima ulale chini uangalie kama ipo. Bei tulizotajiwa mkononi ni milioni 8 mpaka 12.

Chochote utakachochagua kati ya hizi, kuna jambo moja nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata limebaki makaa mekundu tu, hata baridi ya Julai ikizidi. Moshi wake usioonekana unaua watu wamelala. Gesi ya kilo 6 inapikiwa nje, inafungwa, na vioo viwili vinaachwa wazi kidogo vyenye nyavu.

Kuagiza Japani au kununua hapa

Watu wanakuonyesha bei ya mtandaoni unaona rahisi. Weka gari ya cc 1998, zaidi ya miaka kumi, ambayo TRA wanaithamini milioni 10 ikifika bandarini, na ujue wanatumia thamani yao wao sio risiti yako. Ushuru wa forodha asilimia 25, imekuwa 12.5. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na 30 kwa uchakavu, imefika karibu 16.9. VAT asilimia 18 juu ya hapo, inagonga milioni 19.9. Bado tozo ndogo ndogo, bandari, wakala wa klaringi na usajili. Ikizidi cc 2000 ile 5 inakuwa 10. Magari ya mizigo yana kundi lake, ingiza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti.

Na ukiagiza kwa mkopo kuna kitu hawakwambii, makato yanaanza mwezi unaofuata wakati gari iko baharini. Unalipia gari miezi miwili huku unapanda daladala.

Sasa hela

Nilisikia redioni Benki Kuu imeshusha riba yake mpaka asilimia 5.75, ilikuwa Julai 2025, nikafurahi kabisa. Ile ni riba ya Benki Kuu na mabenki, sio yangu na benki. Sisi watumishi tunaongelea 13 mpaka 17 kutegemea na benki.

Swali la kumuuliza afisa mkopo sio asilimia ngapi. Muulize rejesho la mwezi ni shilingi ngapi na ni miezi mingapi, zidisha, toa ulichokopa, hiyo ndo bei ya ule mkopo. Angalia hii, milioni 20, asilimia 16, miezi 36. Kama riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki, rejesho ni kama 703,000 na riba yote milioni 5.3. Kama riba inahesabiwa kwenye milioni 20 ileile mpaka mwisho, rejesho ni 822,000 na riba milioni 9.6. Asilimia 16 zote mbili! Nilikaa na karatasi ile mezani nikampigia mwenzangu simu nikamwambia aache wateja aje aone.

Mkopo wa mshahara wa benki uzuri wake ni haraka, siku hizi mtumishi unaomba kupitia ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, na hawashiki kadi ya gari. Sheria inataka theluthi ya mshahara ibaki mkononi, lakini theluthi ya mshahara wangu hailishi watu sita, kwa hiyo usikope mpaka ukingoni kwa sababu mfumo umekuruhusu. Ukivuta miaka mitano rejesho linashuka mpaka 486,000 hivi, linavutia, ila riba inapanda kutoka 5.3 mpaka 9.2. Na baada ya mwaka watakupigia wakupe nyongeza, unafuta deni la zamani unaanza jipya, hapo gari inazeeka deni linazaliwa upya. Uliza pia ada ya mkopo na bima ya mkopo zinakatwa lini, maana ukiomba 20 mkononi haifiki 20.

Mkopo wa gari wenyewe, ambapo gari ndo dhamana, unaweza kupewa riba nafuu kidogo, lakini kadi inabaki benki na lazima ukate bima kubwa muda wote wa deni. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa mara nyingi ni asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu yake, kwa gari ya milioni 20 ni 826,000. Jumlisha hiyo kwenye bei ya mkopo, ndo ulinganishe. Na gari ya 1999 benki nyingi hawaitaki kabisa kama dhamana.

Yadi za lipa kidogo kidogo. Tulikuta Noah ya milioni 16 taslimu, kwa awamu milioni 19, unatanguliza nusu na iliyobaki miezi sita, wanasema haina riba. Fanya hesabu taratibu: umetoa 9.5, kwenye bei ya taslimu ulikuwa umebakiza 6.5, na sasa unarudisha 9.5 ndani ya nusu mwaka. Milioni 3 juu ya 6.5. Na kadi sio yako mpaka mwisho. Mwenzetu kazini alichelewa miezi miwili, mwanae alikuwa amelazwa, wakaja usiku wakaivuta gari na alichokwishalipa hakurudishiwa. Nikikumbuka alivyokaa pale ofisini asubuhi yake, yadi ya awamu siigusi.

Wenzetu wasiotaka riba, na Kondoa ni wengi, kuna Amana Bank na madirisha ya Kiislamu ya mabenki mengine, utaratibu wa murabaha, benki inanunua gari inakuuzia kwa bei mliyokubaliana ikiwa na faida yao ndani, na bei ile haipandi. Kanuni ni ileile, zidisha rejesho kwa miezi, linganisha na bei ya taslimu.

SACCOS ndo iliniteka moyo. Ya kazini kwetu wanatoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni linalobaki, unakopa mara tatu ya akiba yako. Milioni 20 hiyohiyo kwa miezi 36 ni 664,000, riba milioni 3.9, na mwisho wa mwaka kukiwa na faida inarudi kwako mwanachama. Kikwazo ni akiba, kupata 20 lazima uwe na kama 6.7 ndani, na wadhamini, na wadhamini ni watu mnaokula nao chakula cha mchana, ukikwama umewakwamisha. Kikoba nilikitaka pia lakini chetu ni asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, kinafaa kwa rejeta na hema, sio kwa gari.

Hati ya kiwanja usiiguse. Tuna kiwanja Iyumbu na kuna mtu alituambia kirahisi tu tuiweke. Gari itakuwa chuma chakavu siku moja, kiwanja ni cha watoto.

Sisi tunaenda na ipi

Tulianza kwa kuchagua gari halafu tukatafuta mkopo wa kuifikia, ndo maana kila jioni tulikuwa tunanuniana. Tukageuza. Tukakubaliana rejesho lisizidi laki tatu na nusu na liishe kabla kijana hajaingia kidato cha tano, maana hapo ada na safari za shule zinabadilika. Tuna akiba yetu milioni 9. SACCOS milioni 7 kwa miezi 24 ni karibu 330,000 kwa mwezi, riba yote laki tisa na kidogo. Jumla 16. Kwa 16 Hiace haipo, Prado iliyopo ni ya kununua matatizo, na SR50 ya milioni 10 au 11 inapatikana, inabaki 5 ya rejeta mpya, matairi, shokapu, hema na magodoro, na akiba kidogo ya kukwama njiani.

Ukiwa na watoto wawili tu, na mko wanne, hata hema huhitaji, Noah peke yake inatosha. Ukiwa na biashara ya kubeba mzigo wako, jikaze ufike Hiace. Ukiwa mtu wa pori na mko wawili au watatu, mpe mwenzangu salamu, chukua Prado.

Jumamosi tunaenda kuiona ya pili, ya kwanza tuliyoiona kule Kizota ilikuwa na maji ya kahawia kwenye rejeta na mwenyewe alikuwa ameshaiwasha kabla hatujafika ili iwe ya moto. Hii tumemwambia asiiguse, tunataka tuiwashe wenyewe ikiwa baridi. Jina kwenye kadi lifanane na la anayeuza, deni la trafiki tutaangalia kwenye simu palepale, bima tutahakiki kwa stika, na mkataba kwa wakili siku hiyohiyo. Fundi wetu anakuja na gunia la kulalia chini aione shafti. Watoto wanakuja na godoro lao, nimewaambia tukishafika wavilaze viti walitandike, walale pale wote watatu na mimi, tuone kama mlango unafunga.